Eti Mandhari Hailiwi

Ipo kauli ambayo katika vijiji vya Karagwe na Kyerwa haikosi mtu wa kuitoa. Mkutano wa kijiji umeitishwa, mgeni mwenye fulana ya kung'aa ameketi meza kuu pembeni ya mtendaji, na ajenda ni kilima kuchimbwa kokoto. Watu wanauliza ya kuuliza: vumbi litaelekea wapi, baruti zitalipuliwa saa ngapi, fidia ya migomba ni kiasi gani, vijana wa hapa watapata kazi au wataletwa wa mjini. Halafu mzee mmoja aliyekaa nyuma ananyoosha mkono: na kilima chenyewe kitaonekanaje, maana sisi ndio tutakaokitazama? Watu wanacheka. Kijana anasimama kumjibu, kwa adabu zote: "Waitu mzee wangu, mandhari hailiwi." Makofi, kisha ajenda inayofuata.

Naandika kumpinga huyo kijana, na kuwapinga wakubwa wake wanaosema jambo lile lile kwa maneno yaliyovaa tai. Maana kauli hiyo ina ndugu wawili. Mmoja anakaa ofisini. Yeye husema uzuri hauna mizani, kila mtu na macho yake, kwa hiyo hauna nafasi katika tathmini ya kitaalamu. Mwingine anakaa baa. Yeye husema hayo ni mambo ya wazungu na watalii, mkulima hana muda wa kushangaa vilima. Wote watatu wanafika pamoja: sura ya nchi si mali ya mtu, ikiharibika hakuna aliyepoteza kitu, basi hakuna haja ya kuipima kabla kibali hakijatoka.

Nianze na huyo wa hailiwi. Amuulize dalali. Pale Mwanza, kiwanja cha Capri Point kinachotazama ziwa na kiwanja cha ukubwa uleule kilichofichwa nyuma ya ghorofa la mtu si bei moja. Udongo ni uleule na mji ni uleule. Kilichoongeza mamilioni ni kile kitakachoonekana dirishani asubuhi. Dar es Salaam viwanja vya ufukweni vinauzwa kwa mtindo huo huo, na wanunuzi si watalii, ni Watanzania wenye fedha zao na akili zao timamu. Hapa kwetu nako tusijifanye wageni: mtu aliyefanikiwa katika kahawa akitaka kujenga mjini Kayanga anatafuta ukingo, mahali ambapo bonde linafunguka mbele ya baraza. Hatafuti shimoni. Mandhari inaliwa sana. Ila wanaoila ni wale wenye uwezo wa kuinunua kipande kipande, na wanaoambiwa hailiwi ni wale walioipata bure.

Serikali nayo inajua kuwa inaliwa. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya upande wetu yalipandishwa hadhi yakawa hifadhi za taifa: Ibanda-Kyerwa, Rumanyika-Karagwe na Burigi-Chato. Hoja zilizotolewa zilikuwa za utalii, yaani za watu kulipa waje waone. Sasa nieleze mwenye akili: safu ya vilima inaanzia ndani ya hifadhi na kuendelea nje yake bila kujua mpaka uko wapi. Kilima cha ndani ni urithi wa taifa, na mwenzake wa nje, kilomita chache tu kutoka hapo, ni lundo la kokoto linalosubiri tipa. Tofauti yao ni bango la hifadhi.

Huyu wa "mambo ya wazungu" nampa mfano atakaoufurahia, kisha nitamnyang'anya. Mwishoni mwa 1861 John Hanning Speke na James Augustus Grant waliingia Karagwe wakapokelewa na Mukama Rumanyika. Walipoliona ziwa dogo lililolala kati ya vilima karibu na ikulu, Grant aliliona limefanana mno na ziwa la kwao Uingereza, nao wakaliita Little Windermere. Windermere ile ya Uingereza iko katika hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1951, na mwaka 2017 eneo hilo likaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Kule vilima ni vya wakulima na wafugaji wa kondoo, watu wanaishi, barabara zinapita, na machimbo ya mawe yapo tangu zamani. Lakini anayetaka kufungua machimbo mapya mbele ya mandhari ile ataeleza kwa picha na vipimo yatakavyoonekana kutoka kila upande. Pacha wake wa Karagwe hana wa kumwulizia.

Basi, nimeshautoa mfano, na sasa nauweka kando, maana sihitaji Speke anithibitishie kwamba vilima vyetu ni vizuri. Rumanyika hakumsubiri mzungu ndipo akae Bweranyange, mlimani penye kuonekana na kuona. Na wanaoishi na kilima leo si watalii. Mtalii anakitazama kwa dakika tano akiwa ndani ya gari. Mwenye kibanja cha mteremko wa pili anakitazama akitoka nje alfajiri, akichuma kahawa, akianika maharage, akimsubiri mtoto arudi shule, miaka arobaini. Anamwelekeza mgeni kwa hicho kilima. Akitaka kujua kama mvua inakuja au inapita upande wa Rwanda, anatazama wingu limekaa wapi juu yake. Nchi yetu imekaa kwa namna ambayo watu wa mteremko mmoja wanaangaliana na watu wa mteremko wa pili, bonde katikati, na macho hayana pazia. Ukimkata uso jirani wa ng'ambo, kila nyumba ya upande huu imekatwa.

Hapo ndipo lilipo jambo linalonifanya nisikubali kwamba suala hili ni dogo, na ni jambo la jiolojia zaidi ya mashairi. Jina la Karagwe wanajiolojia wa dunia nzima wanalijua hata wasiojua Kayanga iko wapi, kwa sababu miamba ya ukanda huu, kuanzia kwetu, Ankole ya Uganda, mpaka Rwanda na Burundi, wameiita Karagwe-Ankole. Ni miamba ya zaidi ya miaka bilioni 1. Ilianza kama mchanga na tope vilivyojikusanya kwa tabaka majini, vikafukiwa, vikashindiliwa, vikapashwa joto na kukunjwa. Tope likawa mwamba laini unaomomonyoka haraka. Mchanga ukawa kwatzaiti, jiwe gumu kupita kiasi. Mvua za enzi na enzi zikala laini zikaacha gumu. Mabonde yetu ni pale jiwe laini lilipoliwa, na migongo ya vilima ni kwatzaiti iliyokataa.

Sasa fikiri mwenye mtambo wa kusaga kokoto anatafuta nini. Anatafuta jiwe gumu, lisilofunikwa na udongo mwingi, lililo wazi, rahisi kufikiwa. Ndio mgongo wenyewe. Kile kilichokifanya kilima kiwe kilima ndicho kinachotakiwa kwenye lori. Katika nchi tambarare machimbo ni shimo, na shimo linaweza kukaa mita mia mbili kutoka nyumbani kwako usilione kamwe. Kwetu machimbo yanaanza na ule mstari ambapo ardhi inakutana na mbingu, na mstari huo ndio jicho la binadamu huutambua kabla ya kingine chochote. Ndiyo maana siwezi kukubali tathmini iliyonakiliwa kutoka kwenye mradi wa tambarare ikabadilishwa jina la wilaya.

"Lakini uzuri haupimiki." Hili la ofisini ndilo linalonichosha zaidi, kwa sababu msemaji ana shahada. Amechanganya mambo mawili. Kupenda hakupimiki kirahisi, sawa; mimi napenda kilima chenye nyasi, wewe unapenda chenye misindano. Kuonekana kunapimika. Je, ukuta wa machimbo utaonekana kutoka pale stendi, ndiyo au hapana? Utachukua sehemu gani ya upeo? Utakata mstari wa juu au utabaki chini yake? Ni watu wangapi wanaishi mahali unapoonekana, na wanautazama kwa muda gani wa siku? Hakuna hata swali moja hapo linalohitaji mshairi. Idara ya Misitu ya Marekani ina utaratibu wa kupima athari za mwonekano tangu 1974, baada ya wananchi kuchoka kuona milima imekatwa misitu kama kichwa kilichonyolewa nusu. Mwongozo wa wataalamu wa Uingereza, ambao toleo lake la tatu ni la 2013, unataka mambo mawili yapimwe mbali mbali: kile kinachobadilika katika nchi yenyewe, na wale watu watakaoyaona mabadiliko hayo. Kazi hii ina miaka 50. Anayesema haipimiki anatueleza kwamba yeye hajawahi kuipima.

Tena kipimo cha kwanza kiko mwishoni mwa mkono wako. Nyoosha mkono mbele mpaka usinyooke zaidi, kunja ngumi, fumba jicho moja. Upana wa ngumi hiyo ni takriban digrii 10. Kidole gumba ni kama digrii 2, kidole cha mwisho digrii 1. Mtoto ana ngumi ndogo lakini na mkono wake ni mfupi, kwa hiyo hesabu hutoka karibu sawa kwa wote. Mwezi mpevu, kwa kulinganisha, una nusu digrii tu. Haya, chukua ukuta wa machimbo wa kawaida, upana mita 100, kimo mita 30. Ukiutazama kutoka kilomita 3, utachukua karibu digrii 2 kwa upana na zaidi kidogo ya nusu digrii kwenda juu. Ni kidole gumba kizima, au miezi mipevu minne imepangwa ubavu kwa ubavu juu ya kilima, usiku na mchana, isiyotua. Ukienda kilomita 6 inabaki miwili. Mshauri akikwambia "kwa umbali huo hautaonekana", mwombe anyooshe mkono.

Ukubwa peke yake hautoshi, na hapa ndipo kazi inahitaji mtu anayeijua nchi. Jiwe lililopasuliwa leo ni jeupe au la manjano hafifu. Katikati ya kijani cha masika linapiga kelele, wakati Agosti, nyasi zimekauka, linanyamaza kidogo. Ripoti iliyopigwa picha zake zote kiangazi imemsaidia mwombaji, kwa kujua au kutojua. Ukuta unaoelekea magharibi unamulikwa jua la alasiri, saa watu wametoka shamba wamekaa uani. Tipa linalopanda na kushuka na mkia wa vumbi linavuta jicho hata la asiyetaka kuangalia. Hayo yote huandikwa na mtu aliyekaa pale siku nzima, hayaandikwi na aliyepita na gari saa tano asubuhi.

Cha pili ni ramani. Februari 2000 chombo cha anga cha Endeavour kilizunguka dunia kwa siku 11 kikipima mwinuko wa sehemu kubwa ya nchi kavu, na vilima vyetu vimo. Takwimu hizo zinapatikana bure, kwa hatua za mita 30 hivi. Programu ya kuchorea ramani ya QGIS nayo ni bure. Mwanafunzi wa chuo mwenye kompyuta ya mkononi anaweza kuweka nukta kilele cha machimbo yanayopendekezwa, na kwa muda mfupi kompyuta ikamchorea maeneo yote yanayoweza kuiona nukta hiyo na yale yaliyofichwa na vilima vingine. Ramani hiyo haijui migomba wala nyumba, kwa hiyo inazidisha kidogo, lakini inakwambia pa kwenda kusimama. Ukishaipata, unaenda na mguu wako: stendi ya Omurushaka pale njia ya Kyerwa inapoachana na nyingine, uwanja wa shule, baraza la hospitali ya Nyakahanga, kona za Kayanga, uani kwa mtu. Mwenzako amebaki kilimani na mianzi mirefu yenye kitambaa chekundu, ameisimika kwenye pembe za juu za ukuta utakaokuja. Kitambaa kikionekana, piga picha, andika saa. Kisipoonekana, andika vilevile. Kipimo hiki hakina upande: kuna siku kitamtetea mwekezaji dhidi ya kelele zetu, na siku hiyo itabidi tunyamaze.

Picha zenyewe zina ujanja wake, na niuseme maana wengi wanauzwa hapo. Kamera ya simu inachukua uwanja mpana, takriban digrii 70 kutoka kushoto hadi kulia. Ukiichapa picha hiyo kwenye karatasi ya A4, ili kilima kiwe na ukubwa ule ule uliouona kwa macho itabidi uishike sentimita 21 hivi kutoka usoni. Nani anashika karatasi hivyo? Inapitishwa mkutanoni mkono kwa mkono, au inaoneshwa ukutani watu wakiwa mita kumi nyuma, na kilima kilichojaza upeo kinakuwa kichuguu. Machimbo yaliyochorwa juu ya kichuguu hayamtishi mtu. Hakuna aliyedanganya, na wote wamedanganyika. Dawa yake ni ile ile ngumi: pima kilima ukiwa pale, kisha dai picha ichapwe kubwa mpaka, ukiishika kwa mkono ulionyooka, kilima kiwe na ngumi zile zile.

Ripoti nilizowahi kushika mkononi hazina hata robo ya hayo. Sura ya vumbi ina kurasa, sura ya kelele ina majedwali, ya mandhari ina aya moja, na aya hiyo husema athari ni ndogo na za muda, na kwamba miti itapandwa. Za muda! Mwamba wa miaka bilioni umekatwa kichwa, na mshauri anaita hali ya muda. Miti nayo ni kichekesho kingine. Ukuta wa mikaratusi unaficha machimbo kwa mtu aliye karibu na chini yake. Kwa mtu aliyekaa mteremko wa ng'ambo, kimo kile kile, miti iliyopandwa chini ya kilima inaficha chini ya kilima. Mwenye kuandika sentensi ya miti hajasimama ng'ambo.

Wala si kwamba sheria imekaa kimya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, iliyotupa tathmini ya athari kwa mazingira na kulipa meno baraza la mazingira, NEMC, inapotaja vitu vinavyounda mazingira inayahesabu na masuala ya uzuri wa mahali. Majirani zetu wa Kenya wamekwenda mbali zaidi: kanuni zao za tathmini za 2003 zinaorodhesha, miongoni mwa mambo ya kuangaliwa, mwonekano unaofunguliwa au kuzibwa na mradi na jinsi mradi unavyopatana na eneo lake. Kule Lamu ulipopangwa mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, bomba la moshi la mita 210 lilikuwa linakuja kusimama jirani na mji wa kale wa Waswahili ambao majengo yake marefu ni misikiti na nyumba za ghorofa chache. Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira la Kenya likafuta leseni ya mradi, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Huwezi kudai umemshirikisha mtu katika jambo ambalo hukumwonesha.

Kwetu tundu kubwa liko kwenye uchimbaji mdogo. Mwenye leseni ndogo hatakiwi kufanya tathmini kamili. Anaandaa mpango wa kulinda mazingira, kurasa chache, basi. Inaeleweka, hatuwezi kumtwisha mchimbaji mdogo gharama za mgodi wa dhahabu. Lakini kilima hakijui ukubwa wa leseni. Leseni tano za majirani, kila moja na mpango wake unaosema athari ni ndogo, zikipangana juu ya mgongo mmoja zinafanya kovu moja refu ambalo hakuna karatasi hata moja iliyolitaja. Halmashauri ndiyo yenye nafasi ya kuona vilima vyote kwa pamoja. Ingetosha kuwa na ramani moja ya wilaya inayoonesha migongo isiyoguswa juu na mahali ambapo mawe yanaweza kuchukuliwa bila mtu kukerwa, kabla waombaji hawajaanza kufika mmoja mmoja.

Najua ninachotupiwa hapa: wewe unapita kwenye lami. Ndiyo, napita. Barabara ya Kyaka hadi Bugene, kilomita 59.1, haikujengwa kwa maneno, na lami inayosogea kuelekea Kyerwa itakula mawe mengi bado. Madarasa yanahitaji kokoto, zahanati zinahitaji kokoto, na kina mama wanaogonga mawe kwa nyundo pembeni ya barabara wanasomesha watoto kwa hizo kokoto. Sina ugomvi nao. Nyundo yao haijawahi kushusha mgongo wa kilima. Wanaokota yaliyokwisha kuanguka chini. Kwa kweli mtambo ukifika, wao ndio wa kwanza kukosa soko, na katika mkutano ule wa makofi sikumbuki kusikia wakitajwa.

Ugomvi wangu ni wa mahali na namna. Kilima kina pande mbili, na mara nyingi upande mmoja unatazamwa na kata nzima na mwingine unatazamwa na mbuzi. Jiwe ni lile lile pande zote. Ukianzia upande wa mgongoni, ukachimba kuelekea ndani huku ukiacha ukingo wa mbele umesimama, ukuta unajificha nyuma ya kilima chenyewe na mstari wa juu unabaki ulivyo. Wachimbaji wa nchi nyingine wanafanya hivyo kila siku. Gharama yake ni barabara ndefu kidogo ya kuzunguka. Lakini huwezi kujua upande upi ni wa mbuzi kama hukupima, na kipimo kikifanyika baada ya leseni kuchorewa pembe zake kwenye ramani, kinakuwa mapambo.

Wapo watakaosema tutarekebisha baadaye, na watanitajia Bamburi. Ni mfano mzuri na nausifu. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji pale Mombasa, mahali palipokuwa jiwe tupu linalochoma. Mvinje ulikuwa miongoni mwa michache iliyokubali, na leo watu wanalipa kiingilio kuingia Haller Park. Tazama lakini kilichorekebishwa: sakafu ya machimbo kwenye pwani tambarare, iliyo chini ya usawa wa macho. Msitu ukiota humo umefunika jeraha. Kilima kilichoshushwa mita 30 hakuna mti wa kukirudishia kimo. Anayetaka mfano wa kilima aende Tegeta akatazame Wazo, kilichochimbwa kwa ajili ya saruji tangu miaka ya 1960, wakati hapakuwa na sheria ya kumwuliza yeyote. Dar es Salaam ilihitaji saruji na ikaipata, wala silaumu. Nasema tu kwamba waliokizoea kilima kile zamani hawakuwahi kuoneshwa watakachobaki nacho, na sisi tuna sheria, tuna ramani ya bure na tuna simu mifukoni.

Kwa hiyo mkutano wa kijiji usiweke saini kwenye muhtasari kabla haujaona vitu vitatu mezani: ramani ya sehemu zote zinazoiona sehemu ya kuchimbwa, picha za masika na za kiangazi kutoka mahali ambapo wanakijiji wenyewe wamepachagua, na mchoro wa kilima kitakavyokuwa mwaka wa mwisho wa leseni, umechapwa kwa ukubwa wa ngumi. Mwombaji akilalamika gharama, ajibiwe kwa hesabu: mianzi minne, kitambaa, bodaboda ya kuzunguka vituo, mwanafunzi mmoja na kompyuta yake kwa siku chache, na karatasi kubwa za duka la picha la Kayanga. Mwenye uwezo wa kuleta mtambo wa kusaga kilima hawezi kushindwa na hiyo bili.